Hekta Iliyosimama Si Hekta Iliyookolewa

Ripoti nyingi za uhifadhi hufanana kwa jambo moja. Eneo lina hekta 10,000, msitu upo, kwa hiyo mradi "umeokoa hekta 10,000". Mchumi wa mazingira akifika hapo hukwama. Hana ubishi kwamba miti ipo. Swali lake ni hekta ngapi kati ya hizo zingekuwa mashamba au magunia ya mkaa leo kama mradi usingekuja. Hilo hakuna picha ya setilaiti inayoweza kulionyesha, kwa sababu halikutokea. Sehemu kubwa ya kazi yake, na sehemu kubwa ya ugomvi wake na wenye miradi, ni kukadiria jambo ambalo halikutokea kwa njia ambayo mtu mwingine anaweza kuirudia na kuikagua.

Tushike mfano mmoja wa kubuni na twende nao hadi mwisho. Hifadhi ina hekta 10,000. Ndani yake hupotea asilimia 0.5 ya msitu kwa mwaka. Katika wilaya nzima inayoizunguka hupotea asilimia 2. Mwenye haraka hutoa 0.5 kwenye 2, hubaki na 1.5, hukokotoa asilimia hiyo ya hekta 10,000, na kutangaza hekta 150 zinazookolewa kila mwaka. Kutoa na kuzidisha hakuna kosa. Kosa liko kwenye ile asilimia 2.

Hifadhi hupenda milima

Hifadhi hazitengwi kwa kupiga kura ya bahati. Serikali hutenga pale ambapo hakuna mtu anayepagombania sana: kwenye miteremko mikali, miinuko, udongo hafifu, mbali na barabara na mbali na soko. Lucas Joppa na Alexander Pfaff walichapisha mwaka 2009 uchambuzi wa mitandao ya hifadhi ya nchi 147, na mwelekeo ulikuwa huohuo karibu kila mahali. Sasa, msitu ulio juu ya jabali ambako hakuna gari linalofika ungesimama hata kama hakuna aliyeuwekea kibao. Ukiulinganisha na bonde lenye rutuba kando ya lami, unaipa hifadhi sifa ambayo ni ya mlima.

Ukubwa wa kosa hili umeshapimwa. Costa Rica ni nchi inayosifiwa sana kwa hifadhi zake. Mwaka 2008 Kwaw Andam na wenzake walionyesha kwamba takriban asilimia 10 ya msitu uliolindwa huko ndiyo ambayo ingekatwa kama isingelindwa. Si haba, ila mbinu za kawaida za kulinganisha ndani na nje zilitia chumvi kwa zaidi ya asilimia 65.

Dawa ni kutafuta pacha. Unagawa ramani nzima, ndani na nje ya hifadhi, katika vipande vidogo. Kila kipande unakipa sifa zake kabla ya hifadhi kuanzishwa: mteremko, mwinuko, aina ya udongo, umbali hadi barabara, umbali hadi mji wenye soko, umbali hadi ukingo wa msitu, idadi ya watu jirani, na kasi ya ukataji wa miaka ya nyuma. Kisha kila kipande cha ndani unakitafutia cha nje kinachofanana nacho kwa sifa zote hizo. Kisichopata pacha wa karibu unakiacha, na unasema wazi umeacha vingapi. Vikiwa nusu ya hifadhi, basi jibu lako ni la nusu ya hifadhi tu.

Mambo mawili huharibu kazi hapa mara kwa mara. La kwanza ni kutumia sifa zilizopimwa baada ya hifadhi kuanza. Ukitumia ramani ya barabara ya mwaka huu kwa hifadhi ya miaka 20 iliyopita, huenda barabara imekwepa eneo kwa sababu ya hifadhi yenyewe. Umbali wa barabara si sababu tena, ni matokeo, na ukilinganisha kwa kigezo hicho umefuta sehemu ya athari uliyotaka kuipima. La pili ni kutokagua mizani. Baada ya kupata mapacha, chukua wastani wa kila sifa kwa ndani na kwa nje, toa, gawa kwa mkengeuko wake sanifu, yaani kipimo cha jinsi thamani zinavyotawanyika kuzunguka wastani. Wengi huona tofauti iliyozidi 0.25 haivumiliki, na wakali hudai chini ya 0.1. Ajabu ni kwamba jedwali hili, lenye uzito kuliko grafu zote, ndilo hufichwa kwenye kiambatisho.

Katika mfano wetu, tuseme mapacha wa nje wanapoteza asilimia 0.8 kwa mwaka, si 2. Tofauti inakuwa 0.3. Hekta 150 zimeshuka hadi 30.

Watu wa uhifadhi husikia hivi na kudhani mchumi amekuja kuwabomoa. Si lazima. Kundi hilohilo la Andam lilitumia njia hii mwaka 2010 kuangalia umaskini karibu na hifadhi za Costa Rica na Thailand. Kwa macho, watu wa karibu na hifadhi ni maskini zaidi, na wengi huilaumu hifadhi. Walipolinganishwa na watu wa maeneo yanayofanana, yaani milima ileile na umbali uleule, hifadhi ilionekana imepunguza umaskini. Umaskini uliokuwapo ulikuwa wa mlima, kama ulivyokuwa msitu.

Ramani nayo husema uongo

Kabla ya kushangilia hizo 30, tuiangalie asilimia 0.5 ya ndani. Imetoka wapi? Kwa kawaida imetoka kwenye ramani ya setilaiti za Landsat, ambazo pikseli yake ni mita 30 kwa 30, yaani hekta 0.09. Hifadhi yetu ina pikseli zaidi ya 111,000. Programu ya kompyuta inaisoma kila moja na kuamua: msitu umebaki, au umepotea.

Tuseme programu ni hodari, inakosea pikseli 1 tu kati ya 100 za msitu uliobaki, na haikosi hata moja iliyokatwa. Upotevu halisi ni hekta 50. Msitu uliobaki ni hekta 9,950, na asilimia 1 yake ni karibu hekta 100 zinazoandikwa "umepotea" ilhali upo. Ramani itasoma karibu hekta 150, mara tatu ya ukweli, na mtengenezaji wake ataweza kusema bila kudanganya kwamba ramani ni sahihi kwa asilimia 99. Ndivyo ilivyo kwa kila jambo la nadra: makosa madogo kwenye kundi kubwa huzidi ukweli wote wa kundi dogo.

Ndiyo maana kuhesabu pikseli na kuzidisha kwa 0.09 hakukubaliki kwa kazi ya maana. Unachukua sampuli ya vituo, mamia kadhaa, ukiongeza zaidi kwenye tabaka la "umepotea" na kwenye ukingo wa msitu ambako makosa hujazana. Kila kituo kinakaguliwa kwa jicho kwenye picha kali zaidi na watu wawili wasioona jibu la ramani wala la mwenzao. Kutokana na makosa waliyoyapata unasahihisha eneo na kulipa mipaka yake ya uhakika. Ikitoka "hekta 50, kati ya 20 na 80", iandike hivyohivyo. Aliyekuja na 50 tupu bila mipaka hajapima.

Kuna mitego mingine midogo. Shamba la mpira au mikaratusi huonekana msitu, na likivunwa huonekana ukataji. Kivuli cha mlima na mawingu huongeza makosa, na kwa kuwa hifadhi ziko milimani, makosa ya ndani huwa tofauti na ya nje, hivyo hayafutani. Kuondoa mti mmoja mkubwa wa mbao hakuonekani kwenye pikseli ya mita 30 hata kidogo. Setilaiti ya Sentinel-2, iliyoanza kutoa picha 2015 kwa pikseli za mita 10, husaidia, lakini ukiunganisha data za zamani na mpya, jicho lenyewe limekuwa kali zaidi katikati ya safari, na utaona "ongezeko" la ukataji ambalo ni ongezeko la uwezo wa kuona.

Mtego ninaouona ukiwanasa hata wataalamu unahitaji maelezo marefu kidogo. Njia maarufu ni kulinganisha badiliko na badiliko: ukataji wa ndani kabla na baada, toa ukataji wa nje kabla na baada. Uzuri wake ni kwamba tofauti za kudumu kati ya ndani na nje hujifuta zenyewe. Wengi huifanya kwa kila pikseli, wakiipa kila moja kiwango chake cha kudumu katika hesabu. Lakini msitu hukatwa mara moja. Pikseli iliyokatwa 2008 hutolewa kwenye orodha, kwa hiyo pikseli yoyote iliyofika mwaka wa mradi ikiwa bado msitu ina historia moja tu: sifuri, sifuri, sifuri. Ndani sifuri, nje sifuri. Ukitoa "kabla" unatoa sifuri, na kinachobaki ni ulinganisho mkavu wa baada ya mradi, wenye kasoro zote tulizokuwa tunazikimbia. Kompyuta haitakuonya, itatoa namba safi yenye nyota tatu, alama ya kwamba matokeo hayaelekei kuwa ya bahati tu. Suluhisho ni kupanda ngazi: viwango vya kudumu viwekwe kwa kijiji, kwa kata, au kwa mraba wa kilomita kadhaa, mahali ambapo kasi ya ukataji ya kabla inaweza kuwa namba halisi.

Pale kura inapowezekana

Mapacha hufanana kwa sifa tulizozipima. Hatujui kama wanafanana kwa tusizozipima, kwa mfano ukali wa mwenyekiti wa kijiji. Kura ya bahati ya kuamua nani apate mradi na nani asipate huondoa hofu hiyo, na ipo tafiti moja ambayo kila anayeingia kwenye fani hii huisoma. Magharibi mwa Uganda, wilaya za Hoima na Kibaale, vijiji 121 viliingia kwenye kura. Katika vijiji 60 wenye misitu binafsi walipewa nafasi ya kulipwa shilingi 70,000 za Uganda kwa hekta kwa mwaka wakiacha kukata, kwa miaka 2. Vingine 61 havikupewa kitu. Matokeo yalichapishwa 2017 na Seema Jayachandran na wenzake: miti ilipungua kwa asilimia 4.2 katika vijiji vya malipo, na asilimia 9.1 katika vingine.

Tazama jinsi namba hizo zinavyotakiwa kusomwa. Msitu katika vijiji vya malipo uliendelea kupungua. Mtu asiye na kundi linganishi angesema mradi umeshindwa, maana miti imepungua huku pesa zikilipwa. Tena, ni takriban theluthi moja tu ya waliostahili ndio waliojiandikisha, na bado tofauti ikahesabiwa kwa kijiji kizima, waliojiandikisha na wasiojiandikisha pamoja. Huo ndio utaratibu sahihi. Ukilinganisha waliojiandikisha na waliokataa ndani ya kijiji kimoja, unalinganisha watu waliojichagua wenyewe, na anayejiandikisha upesi mara nyingi ni yule ambaye hakuwa na mpango wa kukata.

Hilo la kujichagua ni ugonjwa wa kudumu wa malipo ya uhifadhi. Ukiweka bei moja kwa hekta, wa kwanza kupanga foleni ni mwenye msitu usiolimika, kwa sababu kwake hiyo ni pesa ya bure. Mwenye bonde zuri hafiki bei. Nchini Marekani mpango wa kupumzisha mashamba ulioanza 1985 hujaribu kulitibu hili kwa zabuni: mkulima anataja kiasi anachotaka, shamba linapewa alama kwa faida zake za mazingira na kwa gharama, wenye alama za juu huchukuliwa. Huko Costa Rica kuna tatizo la namna nyingine. Sheria ya misitu ya 1996 ilianzisha malipo na ikapiga marufuku kugeuza msitu kuwa matumizi mengine, vyote kwa pamoja. Ukitaka kujua malipo peke yake yalifanya nini, marufuku imekaa katikati ya njia. Anayebuni sera na anataka siku moja kuitathmini, aanze vitu hivyo kwa awamu.

Aliyezuiwa hapa amekwenda wapi?

Turudi kwenye hekta zetu 30. Mchoma mkaa aliyefukuzwa hajaacha kuchoma mkaa. Huenda amehamia upande wa pili wa mto. Hii hupimwa kwa pete: kilomita 0 hadi 5 kutoka mpakani, 5 hadi 10, 10 hadi 20. Kila pete inatafutiwa mapacha wake wa mbali, na ukataji ukizidi wa mapacha hao, hiyo ziada ni ya mradi. Kwa hiyo usichukue mapacha wa hifadhi ndani ya pete hizo. Ukifanya hivyo, hekta moja iliyohama unaihesabu mara mbili, mara ya kwanza kama iliyookolewa ndani, mara ya pili kama ushahidi kwamba nje hali ni mbaya.

Uganda haikupatikana dalili ya watu kuhamishia ukataji jirani. Lakini pete huona uhamaji wa jirani tu. Uhamaji unaopitia sokoni hauna pete: mbao zikiadimika hapa, bei inapanda, na mtu wa mbali kabisa asiyejua hifadhi yenu anawasha msumeno. Makisio ya haraka yanahitaji namba mbili. Bei ikipanda kwa asilimia 1, wauzaji wengine wanaongeza mbao kwa asilimia ngapi? Na wanunuzi wanapunguza kwa asilimia ngapi? Gawa ya kwanza kwa jumla ya zote mbili. Zikiwa 0.5 na 0.5, nusu ya ulichozuia imekatwa kwingine. Zikiwa 1 na 0.25, imehama asilimia 80. Fomula hii inafaa pale eneo lako ni dogo ukilinganisha na soko, na hapo ndipo wenye miradi midogo hupenda kusema kwamba wao ni wadogo mno kuathiri bei. Udogo haukuondolei kosa, kwa sababu unachouliza ni sehemu gani ya mbao zako imezibwa na wengine.

Kwa mfano wetu tuwe wapole, tuseme asilimia 20 imehama. Zimebaki hekta 24.

Kutoka shina hadi tani

Sera ya tabianchi hailipi hekta, inalipa tani. Chukua mti mmoja: kipenyo sentimita 30 usawa wa kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini, kimo mita 20, uzito mahususi wa mbao 0.6. Fomula ya misitu ya tropiki iliyotolewa 2014 na Jérôme Chave na wenzake inasema: zidisha uzito mahususi kwa kipenyo, kwa kipenyo tena, kwa kimo. Unapata 10,800. Ipandishe kwa kipeo cha 0.976, kisha zidisha kwa 0.0673. Mti una kama kilo 582 za maada kavu juu ya ardhi. Asilimia 47 ya hizo ni kaboni, karibu kilo 273. Zidisha kwa 44 gawa kwa 12 ili kupata kaboni dioksaidi: kilo 1,002 hivi. Mti wa kawaida kabisa, unaoweza kuukumbatia, ni tani moja.

Sasa mpimaji apitishe utepe juu ya mtambaa uliokumbatia shina, au ausukume chini penye mizizi iliyotanuka, asome 33 badala ya 30. Kipenyo kimeingia kwenye hesabu mara mbili, hivyo kosa la asilimia 10 linakuwa asilimia 20 ya tani. Kwenye kimo kosa la asilimia 10 hubaki karibu asilimia 10. Mwenye bajeti ya kufundisha jambo moja tu awafundishe watu utepe: ulale mlalo, uwe chini ya mtambaa, na mti wenye mbawa za mizizi upimwe juu ya mbawa.

Tuchukulie msitu wetu una tani 100 za kaboni kwa hekta zaidi ya shamba litakaloshika nafasi yake. Hiyo ni tani 367 za kaboni dioksaidi. Hekta 24 ni tani 8,808 kwa mwaka. Kwa ile hesabu ya mwanzo, hekta 150, zingeandikwa tani 55,050. Bajeti ya mradi ikiwa dola 200,000 kwa mwaka, wa kwanza anatangaza dola 3.63 kwa tani, wa pili 22.71. Hata hiyo ya pili si ghali. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilikadiria mwaka 2023 kwamba tani iliyotolewa 2020 huleta hasara ya dola 190, wakati makadirio ya muda ya serikali yao mwaka 2021 yalikuwa dola 51.

Pengo kati ya 51 na 190 limetokana kwa sehemu na ujuzi mpya wa hasara, na kwa sehemu kubwa na kiwango cha punguzo, yaani asilimia ambayo hasara ya baadaye hupunguzwa kwa kila mwaka ili kupata thamani yake ya leo, kilichoshuka kutoka asilimia 3 hadi 2. Hasara ya dola 1,000 itakayotokea miaka 100 ijayo ina thamani ya dola 52 leo kwa asilimia 3, na 138 kwa asilimia 2. Kwa asilimia 1.4, iliyotumiwa na Nicholas Stern katika ripoti yake ya 2006 kwa serikali ya Uingereza, ni karibu 249. Nukta moja ya asilimia hufanya kazi kuliko mashina yote uliyoyapima, kwa hiyo anayetoa tathmini bila kuitaja asipewe muda.

Tani iliyocheleweshwa

Malipo ya miaka michache huchelewesha ukataji. Mkataba ukiisha, panga hurudi. Kuchelewesha kuna thamani, lakini watu huikosea kwa namna moja: wanachukua punguzo peke yake. Kwa asilimia 3, kuchelewesha tani kwa miaka 10 kunaonekana kuokoa asilimia 25.6 ya hasara yake. Wamesahau kwamba tani itakayotoka miaka 10 baadaye itaikuta dunia yenye joto zaidi na mali nyingi zaidi za kuharibu, hivyo hasara yake imekua. Ikiwa inakua kwa asilimia 2 kwa mwaka, gawa 1.02 kwa 1.03, pandisha kwa kipeo cha 10, toa kwenye 1. Zinabaki asilimia 9.3. Jayachandran na wenzake waliifanya hesabu yao ya Uganda kwa msingi wa kuchelewesha, bila kudai miti itasimama milele, na bado faida ikazidi gharama mara 2.4. Ilisaidiwa na malipo yaliyokuwa madogo.

Kwenye krediti za kaboni, yaani hati zinazouzwa kwa kila tani inayodaiwa kuzuiwa, mambo haya yote hukutana, na uzito wake hubadilika. Mfadhili akidanganywa kwenye ruzuku, pesa imepotea, basi. Kampuni ikinunua krediti ili iendelee kutoa moshi, tani yake ni halisi. Katika mfano wetu, krediti 55,050 zingeruhusu tani 55,050 za moshi dhidi ya 8,808 zilizozuiwa, na anga ingepata ziada ya tani 46,242 ambazo bila mradi pengine zisingetoka.

Thales West na wenzake walipima mwaka 2023 miradi 26 ya kuzuia ukataji katika nchi 6, Tanzania ikiwamo. Mingi haikuonyesha kupunguza ukataji kwa kiasi cha kuaminika, na iliyopunguza ilipunguza kidogo kuliko ilivyodai. Utafiti wao wa awali wa Brazili, wa 2020, unaonyesha kosa linavyozaliwa bila hila yoyote. Makisio ya msingi ya miradi, yaani ukataji unaodhaniwa ungetokea bila mradi, yalitokana na kasi ya miaka ya nyuma. Mwaka 2004 Amazon ya Brazili ilipoteza kilomita za mraba 27,772. Serikali ikabana, na 2012 zikapotea 4,571. Ukataji ulikuwa unashuka kila mahali, penye mradi na pasipo mradi, huku waraka wa mradi ukiendelea kusoma kasi ya zamani na kuhesabu tofauti yote kuwa kazi yake.

Akiba ya krediti zinazowekwa kando kwa ajili ya majanga nayo huwekwa kwa matumaini. Huko California, Grayson Badgley na wenzake walikadiria mwaka 2022 kwamba moto wa nyika katika muongo wa kwanza wa mpango wa krediti za misitu wa jimbo hilo ulishamaliza angalau asilimia 95 ya kilichotengwa kwa hatari ya moto kwa miaka 100.

Kwa hiyo ukikabidhiwa waraka wa mradi wenye kurasa 200, ruka picha za nyani na uende kwenye ramani ya eneo linganishi. Angalia nani alilichora, lina barabara ngapi kuliko msitu wa mradi, na mteremko wake ukoje. Kisha tafuta makisio ya msingi yanaanza na kuishia mwaka gani, na kama mwaka wa kwanza ni ule ambao ukataji ulikuwa kileleni. Omba faili za mipaka zenyewe, maana picha ya ramani haipimiki. Wakikataa kuzitoa, weka hekta sifuri kwenye jedwali lako na uendelee na mradi unaofuata.